Zeze, Gambusi na Gitaa: Habari za Mafundi wa Ala za Nyuzi katika Mrima

Msafiri aondokaye Dar es Salaam kwa barabara kuu ya Morogoro hupita Kibaha, kisha Kongowe, kabla hajafika Mlandizi na mto Ruvu. Kongowe hii isichanganywe na ile iliyo upande wa Mbagala. Jina ni moja, mahali ni pawili. Kusini yake, kuelekea Kisarawe na Maneromango, ndiko kulikokuwa kitovu cha Uzaramo. Na kaskazini na magharibi wakaa Wakwere na Wadoe. Ni nchi ya mrima, yaani ile sehemu ya bara ielekeayo Unguja, na tangu zamani imekuwa nchi ya miti na ya watu wajuao kuchonga. Kazi yao iliyo mashuhuri kuliko zote ni mwana hiti, sanamu ndogo ya mti ambayo mwali hupewa wakati wa kufundwa. Kichwa cha mwana hiti, chenye shungi moja au mawili, huonekana pia juu ya fimbo, viti, nguzo za makaburi, na hata juu ya ala za muziki.

Vitu hivyo vingi vimo leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, vimewekwa nyuma ya vioo, na kila kimoja kina kibandiko chake. Mara nyingi kibandiko hutaja kabila, hutaja aina ya kitu, pengine hutaja na mwaka kilipopatikana. Jina la mtu aliyekichonga ni nadra kuonekana. Jambo hili limezoeleka sana hata watazamaji hawaoni kwamba pana kitu kilichopungua. Walakini katika upande wa ala za nyuzi, upungufu huo una maana kubwa zaidi kuliko katika kiti au fimbo. Maana ala ya nyuzi ni kazi ya watu wawili, mwenye kuitengeneza na mwenye kuipiga, na katika historia ya pwani yetu mmoja kati yao amepewa sifa zote na mwenziwe hakupewa hata jina. Makala haya yataeleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, na ushahidi wake mkubwa utakuwa lugha yenyewe.

Yafaa kuanza na zeze, kwa kuwa ndilo la zamani. Neno hili limo katika kamusi ya Krapf iliyochapishwa mwaka 1882, nalo limo katika kamusi zote kubwa zilizoifuata, hata ile ya Johnson ya mwaka 1939. Watunga kamusi walilifasiri kwa kulilinganisha na vinanda vya Ulaya vyenye shingo na tumbo, wala si ajabu, kwa kuwa walikuwa wakiwaandikia wasomaji wa huko. Lakini zeze la pwani halifanani na vinanda hivyo kwa umbile. Ni ubao mwembamba uliosimama kwa ubavu, mwisho wake mmoja umechongwa vinundu, kwa desturi vitatu, na chini yake umefungwa kibuyu kilichokatwa kikawa wazi. Mpigaji hukiegemeza kibuyu hicho kifuani au tumboni, na kwa kukisogeza karibu au mbali huibadili sauti ikawa nene au nyembamba. Uzi mmoja hupita juu ya vinundu, ambapo vidole huubana kutafuta sauti mbalimbali; uzi wa ubavuni hulia sauti moja tu, na kazi yake ni kuusindikiza ule wa kwanza. Katika mpango wa kuainisha ala uliotolewa na Hornbostel na Sachs mwaka 1914, chombo cha namna hii kimewekwa mbali na gitaa, kwa sababu hakina shingo iliyoungwa na tumbo. Chenyewe ni ubao na nyuzi, na kibuyu ni msaada tu.

Jina lake limesafiri sana. Katika visiwa vya Ngazija pana ala iitwayo ndzendze, na Bukini wanayo jejy, ambayo nayo hufungwa kibuyu. Upande wa bara, neno zeze laonekana tena Ugogo. Lakini huko ni ala nyingine kabisa, yenye mti mrefu uliochomekwa katika kibuyu kilichowambwa ngozi, nayo haidonolewi kwa vidole bali husuguliwa kwa upinde. Basi mtu asemapo zeze mbele ya Mzaramo na mbele ya Mgogo, hujibiwa kwa vyombo viwili visivyofanana. Hapa lugha yaonyesha tabia ambayo itaonekana tena na tena katika habari hizi: jina hushikamana na kazi ya kuimba na kutumbuiza, wala halishikamani na namna chombo kilivyoundwa. Mwenye kusikiliza ndiye aliyetoa jina. Mwenye kuchonga hakuulizwa.

Tabia hiyo yaonekana waziwazi zaidi katika neno kinanda. Katika Kiswahili cha zamani neno hili lilitaja ala yoyote ya nyuzi. Walipokuja Wazungu na vyombo vyao, kinanda kikawa jina la kila kitu kitoacho muziki ambacho si ngoma wala si cha kupuliza kwa mdomo: cha kanisani, cha kukandamiza kwa vidole, cha kuvuta na kusukuma kwa mikono, na mwishowe hata santuri, ambayo haina mpigaji kabisa. Neno lililokuwa la mti na uzi likaishia kwenye mashine. Kwa msikilizaji hapana kilichobadilika, kwani muziki bado wasikika. Lakini kwa fundi kila kitu kimebadilika, kwa sababu kinanda cha kwanza aliweza kukitengeneza nyumbani kwake kwa tezo na kisu, na kile cha mwisho hawezi.

Baada ya zeze huja gambusi. Hii ni ala ya shingo fupi, iliyokombwa katika kipande kimoja cha mti, na sehemu ya tumbo lake hufunikwa kwa ngozi badala ya ubao. Jina lake latoka katika Kiarabu cha Yemeni, qanbus, nalo limefuata njia za majahazi hata likafika Umalei, ambako huitwa gambus. Mombasa na Lamu ala ya jamii hii imeitwa kibangala. Unguja imeitwa gabusi au gambusi. Ilikuwa ala ya sherehe na ya mabaharia, nyepesi kubebwa, na kwa kuwa haikuhitaji kuungwa vipande vingi, fundi wa pwani aliyezoea kukomba mtumbwi na kuchimba kinu hakuwa mgeni wa kazi yake. Kukomba ni kulekule. Ila hapa ukuta wa mti huachwa mwembamba sana, na kosa moja la tezo laweza kuiharibu kazi ya siku nyingi.

Udi ni habari nyingine. Yasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze muziki, na kwamba huo ndio mwanzo wa taarabu ya jumba la kifalme. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Nadi Ikhwan Safaa, ambacho kipo hata leo. Pamoja na muziki wa Misri zikaja ala za Misri: kanuni, fidla na udi mkubwa wenye tumbo la mbavu nyingi za mbao nyembamba zilizounganishwa kwa gundi. Polepole udi ukachukua mahali pa gambusi. Kwa mpigaji hayo yalikuwa maendeleo, kwa kuwa udi una sauti nzito na nafasi kubwa ya maqamu. Kwa fundi wa pwani yalikuwa mwanzo wa kuondolewa kazini. Maana gambusi ilichongwa kwa mti mmoja, na udi hujengwa kwa ufundi unaotaka karakana, kalibu na mbao za kupindwa kwa moto. Ala ikawa kitu cha kuagizwa.

Hapa neno lenyewe lina kejeli yake. Udi, katika Kiarabu al-ud, maana yake ni mti. Neno hilohilo lilivuka bahari ya kati likawa laúd katika Kihispania, na kutoka huko likaenea Ulaya yote. Katika Kiswahili udi ni ala, na udi pia ni ule mti wa manukato uchomwao chetezoni. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili ataja mti kila atajapo ala hii, ingawa mti wenyewe, mara nyingi, ulikatwa, ukapindwa na kuungwa katika nchi ambayo hakuifika.

Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kufariki mwaka 1950, alisafiri na wenzake mwaka 1928 kwenda Bombay kuimba katika santuri. Majina ya wenzake yamehifadhiwa, na wapenzi wa taarabu huyataja mpaka leo: Subeti, Budda, Mbaruk, Mwalimu Shaban. Ni haki yao, kwa sababu walikuwa mabingwa. Lakini gambusi na udi walizozipiga zilitoka mikononi mwa watu, na watu hao hawamo katika masimulizi. Santuri ilikuwa na nafasi ya kuandika jina la mwimbaji na jina la wimbo. Fundi hakuwa na nafasi juu yake.

Yaweza kusemwa kwamba hivyo ndivyo ilivyo duniani kote, kwamba mtengenezaji hufichwa na mpigaji. Siyo kweli. Antonio Stradivari wa Cremona, aliyefariki mwaka 1737, alibandika ndani ya kila fidla karatasi yenye jina lake na mwaka, na leo fidla zake hutajwa kwa jina lake kabla ya jina la mpigaji. Antonio de Torres wa Hispania, aliyeishi tangu mwaka 1817 hata 1892, naye alitia vibandiko katika magitaa yake, na umbo la gitaa la nyuzi sita lijulikanalo sasa, kwa sehemu kubwa, ni lake. Torres ndiye aliyetengeneza mwaka 1862 gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi iliyopondwa na kugandishwa, ila uso wake tu ulikuwa wa mti mzuri. Alitaka kuonyesha kwamba sauti hutoka katika ubao wa mbele kuliko katika sehemu nyingine yoyote. Jambo alilolithibitisha kwa karatasi mafundi wa Kiafrika walilitenda kwa kibuyu na ngozi kwa karne nyingi. Tofauti ni kwamba la Torres liliandikwa.

Mwezi Novemba 2014 mafundi wa magitaa wa Ulaya walianzisha maonyesho yao mjini Berlin, ambako kila fundi alisimama kando ya kazi yake, akaulizwa maswali juu ya miti aliyoichagua na namna alivyoipinda. Mtazamaji alipotaka kujua jambo, alimwuliza aliyelitenda. Mji huohuo wa Berlin, miaka zaidi ya 100 kabla ya hapo, ulikwisha kuonyesha ala za Afrika kwa namna nyingine. Bernhard Ankermann aliandika mwaka 1901 kitabu juu ya ala za muziki za Afrika, akitumia hasa zile zilizokusanywa katika jumba la makumbusho la mji huo. Ni kitabu cha elimu nyingi, na wachunguzi wamekitegemea. Lakini aliziainisha ala kwa maumbo na kwa mahali zilikoenea, kama mtu aainishavyo majani au vipepeo. Wakati uleule Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa mrima, alikuwa papo hapo Berlin akifundisha Kiswahili, na mwaka 1903 yakachapishwa mambo aliyoyaandika juu ya desturi za Waswahili, pamoja na ngoma zao na kazi zao za mikono. Vitabu viwili, mji mmoja, miaka miwili baina yao: kimoja chaonyesha vyombo pasipo watu, cha pili chaonyesha watu. Hasara ni kwamba havikukutanishwa.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine zake za kunasa sauti, na mwaka 1954 akaanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini. Kazi yake imeokoa mengi. Aliandika majina ya wapigaji wengi, akapima sauti za nyuzi na za vyuma. Lakini mwaka huohuo wa 1954 alianza pia kutengeneza na kuuza kalimba, ala iliyotokana na zile alizoziona mikononi mwa Waafrika, na kalimba hizo zikaenea Ulaya na Marekani zikiitwa kwa jina la Hugh Tracey. Hapana lawama katika fundi kuitia kazi yake alama. Jambo la kuzingatia ni kwamba ala za aina hiyo zilipoanza kutembea ulimwenguni na jina la mtengenezaji, jina hilo lilikuwa la mgeni.

Sasa ifuatwe lugha. Kiswahili si maskini wa majina ya mafundi. Afuaye chuma ni mhunzi. Afinyangaye vyungu ni mfinyanzi. Aundaye vyombo vya baharini ni mwunzi. Ajengaye kwa mawe ni mwashi. Yuko seremala, yuko sonara, yuko msusi. Je, atengenezaye zeze? Hana neno lake. Huitwa fundi wa zeze, kama vile mtu angesema fundi wa saa. Na neno fundi lenyewe lina maana mbili, yaani mwenye kutengeneza na mwenye kubobea. Fundi wa gitaa aweza kuwa ni aliyelichonga, au aliyelirekebisha lilipovunjika, au alipigaye vizuri kuliko wenzake. Na katika mazungumzo ya kila siku, maana hii ya tatu ndiyo huja mbele.

Ngoma ndiyo iliyobahatika. Mtu atengenezaye ngoma ana jina, naye amewekwa katika methali: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hutumiwa kumsema mtu ajipendeleaye, na wengi huisema bila kufikiri juu ya kazi iliyomo ndani yake. Lakini methali haikuweza kuzaliwa illa mahali ambapo watu walimwona mwamba ngoma kazini, wakaona jinsi avutavyo ngozi mbichi kuelekea kwake, huku ameushika mzinga kwa magoti. Kuwamba ni kitenzi cha fundi, na kimedumu. Kitanda huwambwa, ngoma huwambwa, na gambusi huwambwa. Vitenzi vya zeze havikupata methali ya kuvihifadhi.

Hali kadhalika yafaa kulinganisha msamiati wa kupiga na ule wa kutengeneza. Gitaa hupigwa, hucharazwa, hukung'utwa. Katika bendi pana gitaa la solo, la ridhimu na la besi, na kila mshabiki ayajua majina haya. Lakini mtu akiuliza juu ya kile kijiti cha uso ambacho nyuzi hulalia, au vile vyuma vidogo vya shingoni, au zile mbao nyembamba zilizobandikwa ndani chini ya uso, atasikia majibu mbalimbali kutoka kwa watu mbalimbali, na mara nyingi jibu litakuwa neno la Kiingereza lililotiwa irabu mwishoni. Sababu ni nyepesi. Gitaa lilikuja likiwa limekwisha kutengenezwa. Watu wakalipokea kwa upande wa sauti, wakalibuni upya kwa upande huo, na lugha ikakua mahali kazi ilipokuwa.

Na kazi hiyo ilikuwa kubwa. Barabara na reli zitokazo Dar es Salaam kwenda Morogoro, ambazo huipita nchi hii ya Kibaha na Ruvu, zilikuwa ni njia za gitaa. Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932; Morogoro Jazz ikaundwa mwaka 1944; na Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, akaiongoza Cuban Marimba katika mji huohuo wa Morogoro. Kutoka upande wa Kongo zilikuja sauti za Jean Bosco Mwenda, ambaye Tracey alimnasa mwaka 1952 huko Jadotville, mji uitwao sasa Likasi, akidonoa nyuzi kwa vidole viwili vitatu kwa namna iliyowashangaza wapigaji wa Ulaya. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 1979, alikwenda na Morogoro Jazz katika maonyesho makubwa ya Osaka mwaka 1970 kuiwakilisha Tanzania. Sauti iliyoonyeshwa Osaka ilikuwa ya Tanzania. Gitaa la umeme, kwa asili yake, lilikuwa bidhaa ya viwanda vya ng'ambo.

Magitaa yasiyo ya umeme yaliyouzwa kwa bei ndogo katika Afrika ya kusini na ya mashariki yalikuwa ya viwandani vilevile. Yale ya Gallotone yalitengenezwa Durban; moja lao liliuzwa hata Uingereza, na John Lennon alikuwa nalo mwaka 1957 alipokuwa kijana. Kibandiko chake kilimwahidi mnunuzi kwamba mti wake hautapasuka. Ahadi hiyo yaeleza tatizo ambalo kila mpigaji wa pwani alilijua: mti uliokaushwa kwa hewa ya nchi moja hukunjamana au kufumuka katika nchi nyingine. Fundi wa mahali huijua hewa ya mahali. Yeye hukausha mti wake katika jua na unyevu uleule ambao ala itaishi ndani yake. Ujuzi wa namna hii haupatikani dukani, nao hupotea kimya fundi anapoacha kazi.

Jambo linaloifanya hasara hii iwe nzito zaidi ni mti wenyewe. Mpingo, ambao wataalamu wa mimea huuita Dalbergia melanoxylon, hukua katika mbuga na misitu ya mikoa ya pwani na kusini mwa Tanzania. Kiini chake ni cheusi na kizito hata hakielei majini. Mita moja ya ujazo hupita kilo 1,200. Hukua polepole sana, na yakisiwa kwamba huhitaji miaka 70 mpaka 100 kabla haujafaa kwa mbao. Kwa zaidi ya miaka 100 mpingo umekatwa vipande vidogo, ukasafirishwa Ulaya ukawa klarineti, zumari na filimbi. Na mafundi wa magitaa huutumia kwa uso wa shingo, na wengine kwa mgongo na mbavu. Hapa pwani wenyewe ulikuwa mti wa wachonga vinyago. Basi mti hutoka, ala hurudi. Na baina ya kutoka na kurudi imo thamani yote ya ufundi.

Serikali na vijiji havikulala. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, katika wilaya ya Kilwa, vilipata hati ya kimataifa ya kuthibitisha kwamba msitu wao wa mpingo hutunzwa ipasavyo, ili wanakijiji wapate sehemu ya haki katika bei. Tangu tarehe 2 Januari 2017 biashara ya kimataifa ya miti ya jamii ya Dalbergia imewekwa chini ya masharti ya mkataba wa kulinda viumbe vilivyo hatarini; na mwezi Novemba 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zikaondolewa katika masharti hayo. Maana ya badiliko hili kwa nchi itoayo mti yapasa kufikiriwa: mpingo ulio gogo au ubao huvuka mpaka kwa vibali, na mpingo uliokwisha kuwa klarineti au gitaa huvuka bila kizuizi hicho. Sheria yenyewe yampendelea fundi. Yapasa fundi awepo.

Je, jina la fundi laweza kurudishwa? Mifano miwili ya Tanzania yaonyesha kwamba laweza. Wa kwanza si wa muziki. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora picha zake kwa rangi za kupakia milango, akawafundisha jamaa na rafiki zake. Kabla ya miaka mingi jina lake likawa jina la sanaa yenyewe. Mtu asemapo tingatinga, humtaja fundi kabla ya kuitaja picha. Wa pili ni Hukwe Zawose wa Ugogo, aliyefariki mwaka 2003. Huyu alikuwa mwimbaji na mpigaji wa zeze na ilimba, akafundisha Bagamoyo, na sauti yake ikajulikana duniani. Lakini alikuwa pia mtengenezaji. Zeze la Kigogo la nyuzi chache alilikuza, akaliongeza nyuzi na kulipa sauti iliyolingana na uimbaji wake. Na jamaa zake wa Bagamoyo wameendelea kupiga na kutengeneza. Kwa Zawose, ala haikuweza kutenganishwa na mtu aliyeiunda, kwa kuwa alikuwa yeye mwenyewe. Wale waliotengeneza wakampa mtu mwingine apige hawakuwa na bahati hiyo.

Nafasi za kurekebisha mambo zipo. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1966, kimekuwa na desturi ya kuwaalika watu wa kabila moja moja waje waonyeshe nyumba zao, vyakula vyao na ngoma zao. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni mwaka 2007, kina tamasha la kila mwaka, na Bagamoyo si mbali na Kibaha. Katika maonyesho ya namna hii mpigaji hupanda jukwaani akashangiliwa. Lingekuwa jambo dogo, lisilotaka gharama, kumweka kando yake mtu aliyechonga, na tezo lake, na ubao ambao bado haujawa zeze, ili watazamaji waone mti ukigeuka sauti.

Kwa wachunguzi wa lugha pana kazi iliyo karibu zaidi, nayo haingoji jukwaa. Msamiati wa fundi hauwezi kupatikana katika santuri wala katika vitabu vya nyimbo; upo katika mikono na vinywa vya wazee wachache wa vijiji vya Uzaramo, Ukwere na Ugogo, na katika karakana za mjini ambako magitaa yaliyovunjika huungwa. Yapasa kuulizwa: kinundu cha zeze huitwaje, na kwa nini ni vitatu? Kibuyu huchumwa kikiwa na umri gani, nacho hukaushwa siku ngapi kabla ya kukatwa? Uzi ulikuwa wa nini kabla ya waya kuja? Mti upi huimba, na upi hunyamaza, nao mchongaji huujuaje kwa kuugonga?

Kila swali la namna hiyo likijibiwa huleta neno, na kila neno huleta kazi iliyolizaa. Mfano mmoja watosha. Karatasi ya kulainishia mbao, ambayo kila seremala huinunua dukani, huitwa msasa. Watumiao neno hilo ni wengi. Wajuao kwamba msasa ni mti, ambao majani yake makavu yenye kukwaruza yalitumiwa na wachongaji kulainishia kazi zao kabla ya karatasi hiyo kufika, ni wachache. Jani limekwisha kusahauliwa, lakini jina lake limebaki katika lugha likishuhudia kwamba palikuwa na fundi, na kwamba alitaka kazi yake iwe laini mkononi mwa mtu mwingine.